CD Iliyozaliwa na Kanda

Mabishano ya kanda na CD hapa Dar es Salaam huishia pale pale yalipoanzia. Mmoja, kwa kawaida mwenye umri wa kukumbuka kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Biki ili betri zisiishe, atasema kanda ilikuwa na joto, muziki wake umeshiba. Mwenzake atamjibu kwamba CD ni safi, haina shii, ule mvumo wa utepe unaosikika nyuma ya muziki, haikwami, na hapo kwake mjadala umefungwa. Wote wawili wanazungumzia vyombo ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuvisikia katika hali yake nzuri: kanda mpya ya kiwandani ndani ya deki iliyotunzwa, na CD iliyotolewa moja kwa moja kwenye tepu kuu ya studio. Tulichosikia Manzese, Temeke na Magomeni kilikuwa nakala ya nakala. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kanda au CD, ulizeni kwanza: imetolewa wapi?

Namba hata hivyo zipo, na hazina ubishi. Philips walionesha kaseti yao Berlin mwaka 1963. Timu ya Lou Ottens iliyoibuni ilitafuta kitu kidogo cha kubeba mfukoni. Ubora wa muziki ulikuja baadaye. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Ndani ya upana huo zinapita njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B, hivyo kila njia inabaki na kama milimita 0.6 tu. Tepu ya studio ina upana wa milimita 6.3 na inakwenda sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Utepe mpana unaokwenda kasi unaipa kila sekunde ya muziki eneo kubwa zaidi la sumaku, na eneo likiwa kubwa shii inapungua. Kaseti iliminywa pande zote mbili, upana na kasi.

CD ilikuja kwa ushirikiano wa Philips na Sony, ikaingia sokoni Japani Oktoba 1982. Inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Hiyo inatosha kufikisha sauti hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000, ambazo ni ukomo wa sikio la kijana mwenye afya, na kuacha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 kati ya mlio mkubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby, yaani mfumo wa kupunguza shii, ina desibeli hamsini na kitu. Tofauti ya desibeli 40 maana yake ni kwamba, ukipima kimo cha mawimbi, shii ya kaseti ni kubwa mara 100. Dolby B, mfumo uliokuwa kwenye deki nyingi za nyumbani, ilipunguza shii kwa desibeli 10 hivi, na ilifanya hivyo tu pale kanda iliporekodiwa nayo na kuchezwa nayo. Ukirekodi nayo ukacheza bila, miziki inapiga ukali. Ukicheza nayo kanda isiyorekodiwa nayo, inafifia kama mtu anayeimba nyuma ya pazia. Hapa mjini kitufe hicho kilibonyezwa kwa kubahatisha.

Kwenye karatasi, basi, CD imeshinda na hakuna rufaa. Lakini karatasi haina vumbi.

Mlio wa hezi 15,000 kwenye kaseti unaandikwa kwa wimbi lenye urefu wa kama maikroni tatu, yaani sehemu tatu za elfu moja za milimita. Kwa vipimo hivyo vidogo, chembe ya uchafu yenye unene wa maikroni moja, ikikaa kati ya utepe na hedi, kile kipande kinachousoma utepe, inapunguza mlio huo kwa zaidi ya desibeli 15. Huo ni uchafu usioonekana kwa macho! Halafu hedi yenyewe inatakiwa isimame wima kabisa dhidi ya utepe. Ikilala kidogo tu, milio ya juu inakufa. Ndiyo maana fundi redio wa zamani alikuwa na bisibisi ndogo na macho yaliyofumbwa: anageuza skrubu moja pembeni ya hedi huku akisikiliza, mpaka muziki ufunguke. Wengi wetu hatukumpelekea redio mpaka ikatae kabisa kuimba. Pamba na spiriti vilikuwa vya hospitali.

Ongeza unyevu wa pwani unaoleta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, na jua la saa nane linalopiga kanda iliyosahauliwa juu ya dashibodi. Ongeza tabia yetu ya kununua kanda ndefu ili ziingie albamu mbili. Kanda ya dakika 60 ina utepe wenye unene wa maikroni 18 hivi, ya dakika 90 ina 12, na ya dakika 120 ina 9 tu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikivutika na kuliwa na redio, lakini kwa pesa ya mtu wa kawaida ilionekana ndiyo busara.

Sasa hasara hiyo iliangukia wapi kwenye muziki wenyewe? Hapa ndipo mjadala unaponinogea, kwa sababu muziki wa dansi wa jiji hili umejengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Wasikilize Mlimani Park, Msondo wakati wakiitwa Juwata, Maquis Original au Vijana Jazz. Gitaa la solo linaimba juu, gitaa la pili la solo linamjibu au kujaza mapengo, gitaa la rizimu linakata katikati, besi inatembea chini na kuwashikilia wote. Sikio linayatenganisha magitaa hayo kwa ule mguso wa kwanza kwenye waya, ule mkato mkali wa muda mfupi kabla sauti haijatulia. Mguso huo unaishi kwenye milio ya juu, hezi elfu tatu na kuendelea. Milio hiyo ikifa, magitaa matatu yanayeyuka na kuwa gitaa moja kubwa lisiloeleweka linafanya nini. Matoazi yanageuka mchanga unaomwagwa. Sauti ya mwimbaji, tarumbeta na saksafoni zinakaa katikati, kwa hiyo zinanusurika karibu zote.

Matokeo yake ni kizazi kizima kinachokumbuka mashairi neno kwa neno na kuweza kupuliza tarumbeta kwa mdomo, lakini ukimwuliza mtu gitaa la pili la solo lilikuwa likifanya nini kwenye wimbo anaoupenda tangu utotoni, anakutazama tu. Waimbaji na wapiga solo walijulikana. Wapiga rizimu wengi walibaki majina ya kwenye orodha ya bendi. Sababu za hilo ni nyingi, na siwezi kulitupia kaseti lawama zote. Lakini ni vigumu kumsifu mtu ambaye nakala yako imemfuta.

Kuna pia suala la kasi. Redio kaseti nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimepotea kwa asilimia moja, mbili, hata tatu, na betri zikichoka ndiyo kabisa. Asilimia tatu ni nusu ya nafasi iliyopo kati ya noti moja na inayoifuata kwenye gitaa. Kijana aliyejifunza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab kwa kukaa karibu na redio alilazimika kufunga upya nyuzi zake kila kanda, na akibadilisha redio anaanza tena. CD haina tabu hiyo: saa yake ya ndani ni ya kioo cha kwatzi, wimbo unatoka kwa kasi ile ile Upanga na Mbagala.

Tukumbuke vilevile njia ambayo wimbo ulipita kabla ya kufika kwenye kanda. Bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania, kwenye tepu kubwa za studio. Kiwanda cha santuri kinachofanya kazi hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alielekea Nairobi, na kuanzia mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mpaka 1983, safari hiyo nayo ikawa ngumu. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilifika kwetu kwa hewa, na kanda ya nyumbani ilirekodiwa kutoka redioni. Redio ya masafa ya kati hupitisha milio hadi hezi elfu nne na mia tano au elfu tano hivi, basi. Ile kanda yako ya TDK uliyoilaumu kwa kuwa kiziwi ilikuwa na uwezo wa mara mbili au tatu ya kile ilichopewa. Ilipokea muziki uliokwishakatwa kichwa.

Wengine walikwenda Kariakoo kudabu, yaani kunakiliwa kanda. Utaratibu ulikuwa mzuri: unachagua nyimbo, unaacha kanda tupu, unapita jioni. Kila kunakili kunaongeza shii juu ya shii, mtikisiko wa kasi juu ya mtikisiko, na kunapunguza milio ya juu kidogo zaidi. Nakala ya kwanza ya tepu nzuri inaweza kupendeza kabisa. Ya tatu unaanza kukunja uso. Na kitufe cha kudabu kwa kasi mara mbili, ambacho kila mwenye redio ya deki mbili alikionea fahari, kilifanya kazi hiyo ya kuharibu kwa nusu ya muda.

Pamoja na yote hayo, kanda ilifanya kazi ambayo CD ya wakati huo isingeweza kuifanya. Remmy Ongala alijulikana Uingereza kwa sababu rafiki alibeba kanda yake kwenda nayo, ikawafikia watu wa tamasha la muziki la WOMAD, na mwaka 1988 akaalikwa kwenda kupiga huko. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yake aliyoirekodi kwa kampuni ya Real World. Anayetaka kulinganisha kwa haki aanzie hapo, maana ni mtu yule yule na Super Matimila ile ile. Weka albamu hiyo kwenye CD, kisha weka kanda yoyote ya bendi hiyo iliyozunguka mjini. Kwenye CD magitaa yamekaa kila moja na kiti chake, unaweza kunyoosha kidole kuonesha mpigaji alipo. Kwenye kanda unapata sauti ya Remmy, na ujumbe, na mvumo wa nyuma. Waliomwita Uingereza walisikia ukubwa wake kupitia mvumo huo huo.

Halafu zikaja CD zetu. Nasema zetu kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bongo Fleva ilikuwa tayari inatengenezwa kwa kompyuta, kwenye studio kama Bongo Records ya P-Funk na MJ Productions ya Master Jay, na bado albamu ziliuzwa zaidi kwenye kaseti kwa sababu ndizo zilizokuwa na mashine za kuzichezea, nyumbani na kwenye daladala. Yaani muziki uliozaliwa dijitali ulishushwa kwenye utepe. Na wakati huohuo muziki wa dansi uliozaliwa kwenye tepu ulikuwa unapandishwa kwenye CD. Kila mmoja alivaa nguo ya mwenzake.

Huko kupandishwa ndiko kulikotuletea CD mbovu kuliko kanda. Mtu mwenye kompyuta na kanda kuukuu alichomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio, akarekodi, akachoma CD, akatengeneza kava lenye picha ya bendi isiyohusika. Diski yenyewe ina desibeli 96. Kilichomo ndani kina hamsini, kikiwa na bahati. Mbaya zaidi, wengi walipitisha programu ya kuondoa shii. Programu hizo zinatafuta kelele zinazofanana na shii na kuzifuta, na kinachofanana na shii kuliko kitu kingine chochote ni toazi, pamoja na ule mguso wa waya wa gitaa niliousema. Shii imeondoka na gitaa la pili limekwenda nayo. Unabaki na muziki unaosikika kama umepigwa ndani ya pipa la maji.

Kisha ikaja CD ya MP3, nyimbo 150 na zaidi kwenye diski moja, na kwa mnunuzi yote iliitwa CD. CD halisi inatumia biti 1,411,000 hivi kwa kila sekunde. MP3 ya kawaida ya miaka ile ilitumia 128,000, moja ya kumi na moja, na mara nyingi ilikata kila kitu juu ya hezi 16,000. Kanda nzuri ya kromu kwenye deki iliyosafishwa inafika huko huko! Kwa hiyo yule mzee anayesema kanda yake ya zamani inapiga vizuri kuliko CD ya mjukuu wake asichekwe. Huenda anasema kweli tupu, kwa sababu alichonacho mjukuu si CD.

Mwaka 2013 TRA walipoanzisha stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, kuna wanunuzi waliochukulia stempu kama hakikisho la ubora. Stempu ilithibitisha kodi. Haikuwa imesikiliza wimbo.

Na lile joto? Lipo, na linaelezeka. Utepe ukipewa sauti kubwa kuliko uwezo wake haukati ghafla. Unabana vilele taratibu na kuongeza milio ya ziada inayopatana na ile ya asili. Besi inanenepa, sauti ya mwimbaji inasogea mbele. CD ikipewa kupita kiasi inakata kama panga, na sikio linachukia mkato huo. Kwa hiyo anayependa kanda anapenda kitu halisi, ila ni kitu kilichoongezwa na mashine, hakikuwepo studio. Sioni ubaya kukipenda. Ninachokataa ni kukiita uaminifu wa sauti.

Upande wa pili nao una dhambi zake. Kuanzia miaka ya 1990 makampuni makubwa ya nje yalianza kushindana nani CD yake inapiga kelele zaidi, yakabana muziki mpaka kila sehemu ikawa juu muda wote. Chombo chenye nafasi ya desibeli 96 kikatumika kama chenye kumi. Mtu aliyekuwa na kaseti ya albamu ya kigeni ya 1985 akanunua CD yake iliyotolewa upya miaka ishirini baadaye, akahisi kuna uhai umetoka, hakuwa anaota. Aliyeutoa ni mhandisi wa kampuni. Diski yenyewe haina kosa.

Tusisahau pia wapi tunasikilizia. Ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, injini inaunguruma, konda anapiga mlango, abiria anaongea na simu; nafasi kati ya mlio mdogo na mkubwa haina maana yoyote, na muziki uliobanwa na utepe ulifaa kuliko uliotulia wa CD, ambao sehemu zake za chini zingemezwa. Nyumbani usiku, feni ikizimwa, hesabu inabadilika kabisa.

Siku hizi biashara hiyo imehamia kwenye flashi. Mazungumzo ya kawaida ya Kariakoo ni haya: "Kaka, hizi za zamani umezitoa wapi?" "Orijino kabisa hizo." "Orijino ya nini?" Hapo muuzaji anacheka na kukuwekea spika kubwa zaidi. Usibabaike na spika. Omba asikilizishe mwanzo wa wimbo, kabla ala hazijaingia. Ukisikia shii inayoyumbayumba, imetoka kwenye kaseti. Ukisikia kimya cha ajabu halafu matoazi yanayobubujika kama maji, imetoka kwenye kaseti na ikasafishwa kupita kiasi. Wimbo ukikatika ghafla katikati ya magitaa, upande A uliisha. Na mtangazaji akiingia mwishoni kutaja saa, unajua ilikotoka: redioni.

Dawa ya kweli iko Barabara ya Nyerere, kwenye maktaba ya TBC iliyorithi tepu za Radio Tanzania. Maelfu ya tepu hizo ndizo chanzo, na kila moja inayohamishwa vizuri inafanya kanda zetu zote na CD zetu zote za wimbo huo kuwa kumbukumbu tu. Lakini kuna nyimbo ambazo tepu yake imeharibika au haipatikani, na maonesho ya ukumbini ambayo hayakurekodiwa kokote isipokuwa kwenye kaseti ya mtu aliyeketi karibu na spika pale DDC Kariakoo. Kwa hizo, kanda ya baba yako ndiyo chanzo.

Kama unayo, usiipeleke kwa anayetoza kwa wimbo na kukupa MP3. Tafuta deki inayofanya kazi, safisha hedi kwa pamba na spiriti, mwombe fundi ageuze ile skrubu akisikiliza kanda yako hiyo hiyo, kwa sababu kila kanda ilirekodiwa na hedi iliyosimama kwa namna yake. Toa sauti kwenye tundu la nyuma la deki, si la hedifoni. Usiondoe shii; atakayekuja na programu bora miaka kumi ijayo ataiondoa akitaka, lakini gitaa ulilolifuta leo hataweza kulirudisha. Hifadhi kwa kiwango cha CD, bila kubana faili kuwa MP3. Saa moja ya muziki inachukua kama MB 635, kwa hiyo flashi ya GB 32 inabeba kanda 50 za dakika 60. Nafasi ndiyo iliyotulazimisha MP3 mwaka 2005. Leo flashi hiyo inauzwa kila kona ya Kariakoo.